“Stable” si imara: mifumo endeshi huria inavyoishi na matawi mawili

Tangu Windows 10 iache kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, swali moja limekuwa likirudi kila watu wanapozungumzia kuhamia Linux, mfumo endeshi huria: nipakue ipi? Mtu anafungua ukurasa wa Debian, mojawapo ya mifumo iliyojengwa juu ya Linux, anakuta maneno matatu, stable, testing na unstable. Akienda Ubuntu, nayo ya Linux, anakuta matoleo ya LTS, yaani yanayohudumiwa kwa muda mrefu, na mengine yasiyo ya LTS. Akijaribu FreeBSD, mfumo mwingine huria usio wa Linux, anaambiwa kuna CURRENT, STABLE na RELEASE, tena STABLE ya huko si ile aliyoidhania. Hapo ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anasema chukua stable, haina kasoro. Wa pili anasema stable imepitwa na wakati, utadukuliwa. Wa tatu, kwa busara ya mpatanishi, anasema kaa katikati, chukua testing, utakuwa salama huku na huku.

Wote watatu wamekosea, na makosa yao yana mzizi mmoja, nao ni neno lenyewe. Tumezoea kuliita toleo la stable “toleo imara”. Ukisikia imara unafikiria mlango wa chuma, kitu kisichovunjika. Wanaotengeneza mifumo hii hawamaanishi hivyo hata kidogo. Wanamaanisha kitu kisichobadilika-badilika. Kwa maoni yangu neno tulivu lingetuepushia nusu ya ubishi huu, na ndilo nitakalotumia hapa.

Kabla hatujaendelea, tuwekane sawa kwa maneno machache. Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoifanya kompyuta iwashe, isome diski, itambue kibodi na kuziendesha programu nyingine. Ukiwa huria, msimbo wake, yaani maandishi ambayo watengenezaji wameyaandika kuuunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Tawi ni nakala ya msimbo huo inayoachana na shina na kuanza kuishi maisha yake. Tawi la maendeleo ndilo linalopokea mambo mapya. Tawi tulivu ndilo wanalopewa watu walitumie.

Kitabu na mswada

Chukulia kitabu cha kiada cha hisabati. Toleo la pili liko mikononi mwa wanafunzi. Mwandishi naye hajalala: mezani kwake kuna mswada wa toleo la tatu, anafuta sura hii, anaongeza ile, anapangua mazoezi. Mswada ule ni tawi la maendeleo. Kitabu kilichoko madarasani ni tawi tulivu.

Mwalimu anasema, “Fungueni ukurasa wa 47, zoezi la tatu.” Darasa zima linafungua na kukuta kitu kilekile. Sasa tuseme mwandishi ana uwezo wa kubadili vitabu vyote kila usiku watu wakiwa wamelala. Asubuhi zoezi la tatu limehamia ukurasa wa 52, mwongozo wa mwalimu haulingani tena na kitabu, na mtihani uliotungwa wiki iliyopita unauliza habari za sura iliyokwisha kufutwa. Pengine kila badiliko, ukilitazama peke yake, ni zuri. Darasa limevurugika vilevile.

Kompyuta nazo zina ukurasa wao wa 47. Programu moja hutegemea nyingine kadhaa. Inatarajia faili fulani iwe mahali fulani, na amri fulani itoe jibu lenye mpangilio uleule wa jana. Msimamizi wa seva aliandika amri zake za kuhifadhi nakala za data kila usiku, akaondoka, akasahau hata kama aliziandika. Zinaendelea kufanya kazi mwaka wa tatu sasa kwa sababu chini yake hakuna kilichosogea. Hiyo ndiyo ahadi ya tawi tulivu: kosa linaweza kuwemo, ila hutashtukizwa na mabadiliko.

Je, kitabu kikikutwa na kosa la kweli? Mchapishaji anatoa kijikaratasi cha masahihisho, kinabandikwa juu ya mstari uliokosewa, kurasa nyingine zinabaki zilivyo. Kwa lugha ya kompyuta hicho ni kiraka. Shida inakuja pale mwandishi anapokuwa ameliondoa kosa hilo kwenye mswada kwa kuiandika upya sura nzima. Sura mpya haibandikiki kwenye kitabu cha zamani. Lazima mtu akae, aielewe sura mpya, achomoe humo kile kilichosahihishwa hasa, kisha akipenyeze kwenye mstari wa zamani bila kugusa jirani zake. Kazi hii ya kurudisha masahihisho nyuma haina shangwe, haitangazwi popote, na bila hiyo tawi tulivu lingekuwa tawi lililotelekezwa tu.

Nambari isiyopanda

Hapa ndipo wasiwasi wa “toleo la zamani” unapozaliwa, kwa hiyo tutazame mfano mmoja kwa karibu.

Aprili 2014 dunia ilitangaziwa kasoro iliyoitwa Heartbleed. Ilikuwa ndani ya OpenSSL, maktaba ya msimbo ambayo seva nyingi huitumia kusimba mawasiliano, na ilimruhusu mtu aliye mbali kuchungulia vipande vya kumbukumbu ya seva, mahali ambapo nywila na funguo za siri hupita. Matoleo yenye kasoro yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f. Watengenezaji wa OpenSSL wakatoa 1.0.1g. Debian 7, ambayo ndiyo ilikuwa tawi tulivu la Debian wakati huo, ilikuwa inatumia 1.0.1e. Je, Debian waliwahamishia watumiaji wao 1.0.1g? Hapana. Walitoa kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, chenye jina hili:

1.0.1e-2+deb7u5

Lisome kipande kwa kipande. 1.0.1e ni toleo la OpenSSL lilelile la mwanzo, lile lenye kasoro. Tarakimu 2 inaonyesha ni mara ya ngapi Debian wamelifungasha. deb7 ni Debian 7. u5 ni sasisho la tano. Yaani kitabu ni kilekile, chenye kijikaratasi cha tano. Anayetazama mwanzo wa jina tu ataapa kwamba seva ina shimo, kumbe shimo limezibwa, na siri yote iko kwenye herufi chache za mwisho.

Niliwahi kukabidhiwa ripoti ya ukaguzi wa usalama iliyojaa rangi nyekundu kwa sababu hii hii. Programu ya mkaguzi ilikuwa inasoma nambari za matoleo na kuzilinganisha na orodha, basi. Ilibidi nipitie mstari baada ya mstari nikionyesha u2, u3, u5. Sisemi nambari ya zamani ni salama siku zote. Mfumo uliokwisha muda wake wa kuhudumiwa una nambari ya zamani na hakuna wa kuubandikia chochote. Ninachosema ni kwamba nambari peke yake haikwambii.

Safari ya kifurushi

Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, unafaa kutazamwa kwa sababu njia yake iko wazi kuliko nyingi. Programu mpya huingia kwanza kwenye unstable, ambayo jina lake la kudumu ni sid, jina la mtoto wa filamu ya katuni aliyekuwa akivunja wanasesere. Inakaa humo siku kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 10 kutegemea uharaka wake. Siku zikipita bila kuripotiwa kasoro mpya nzito, na kila inachokitegemea kikiwa tayari, kompyuta inaihamishia testing. Hakuna kikao wala kura.

Testing nayo inakusanya, inakusanya, mpaka siku ya kugandishwa. Kuganda huku kunakuja hatua kwa hatua: mlango unafungwa kwanza kwa mabadiliko makubwa, halafu kwa vifurushi vipya, mwishowe hakiingii chochote ila masahihisho ya kasoro nzito. Zikipungua kiasi cha kuridhisha, testing inatawazwa kuwa stable. Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 ikafuata Agosti 2025.

Kwa hiyo unstable maana yake ni “hubadilika kila siku”, wala si “huanguka kila saa”. Wapo wengi wanaoifanyia kazi miaka nenda rudi, hasa watengenezaji wenyewe. Wanajua tu kwamba kuna asubuhi watasasisha na skrini itawatazama bila kusema kitu, na wanajua la kufanya.

Na yule mpatanishi wetu wa testing? Hoja yake inavutia, lakini usalama haufuati mstari huo. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, stable ina timu yake inayoitengenezea kiraka moja kwa moja. Unstable inapata toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Testing kwa kawaida inasubiri kiraka kipite unstable na kumaliza siku zake, na kikikwamishwa na kifurushi kingine, inasubiri zaidi. Aliyekaa katikati anaweza kujikuta ndiye wa mwisho kuhudumiwa. Testing ni ukumbi wa kuandalia toleo lijalo, na ukiichukulia hivyo haitakuangusha.

Visa viwili vinavyovutana

Mwishoni mwa Machi 2024, mhandisi Andres Freund alikuwa anapima kasi ya programu kwenye kompyuta inayotumia Debian sid. Akaona kuingia kwa njia ya SSH, inayotumika kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu ya prosesa kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungepiga mwayo tukaendelea. Yeye alifuatilia, akafika kwenye xz, programu ya kubana faili, na kukuta kwamba matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1 yamepachikwa kwa makusudi mlango wa siri. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia unstable na testing za Debian, na matawi ya maendeleo ya mifumo mingine kama Fedora. Debian 12, tawi tulivu, ilikuwa bado na xz ya mfululizo wa 5.4. Haikuguswa.

Mashabiki wa stable walishangilia, na walikuwa na haki. Ila waliosahau jambo moja ni wengi: aliyelikamata balaa alikuwa anatumia sid. Laiti kila mtu angekaa kwenye tawi tulivu akisubiri vitu viive, xz ile ingeiva na mlango wake, ikagandishwa nao, ikatawazwa nao. Tawi tulivu haliivi lenyewe. Linaiva kwa migongo ya watu waliokubali kukutana na kasoro mapema.

Heartbleed ni kisa cha upande wa pili. OpenSSL 1.0.1 ilitoka Machi 2012, ikaingia Debian 7 iliyotoka Mei 2013, ikakaa humo kwa utulivu mpaka Aprili 2014. Kimya kingi, na mshindo wake tuliusikia. Ajabu ni kwamba Debian 6, iliyokuwa kuukuu zaidi, ilinusurika, kwa kuwa OpenSSL yake ya 0.9.8 ilikuwa ya kabla kasoro haijaandikwa. Tawi tulivu halichuji mema na mabaya. Linazuia mabadiliko, na baadhi ya mabadiliko ni kasoro mpya, mengine ni tiba ya kasoro ambazo hakuna anayejua kuwa zipo.

Matawi yakiachana mno

Kama kila upande unauhitaji mwingine, kwa nini usiyaache matawi yaende kila moja kwa mwendo wake? Linux yenyewe ilijaribu. Kwa miaka mingi kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoendesha vifaa na programu nyingine, kilitumia mpango uliokuwa rahisi kueleza: tarakimu ya pili ya toleo ikiwa shufwa, hilo ni tawi tulivu, ikiwa witiri, ni la maendeleo. 2.4 tulivu, 2.5 la maendeleo. Mpango ulipendeza kwenye karatasi.

2.4.0 ilitoka Januari 2001. Iliyofuata, 2.6.0, ilitoka Desemba 2003, karibu miaka mitatu baadaye. Katikati hapo vifaa vipya viliendelea kuuzwa na wateja kutaka mambo mapya, na yote yalikuwa kwenye 2.5 ambayo hakuna aliyethubutu kuiweka kwenye seva ya kazi. Wasambazaji wa Linux wakaanza kuchota vipande vya 2.5 na kuvishonea kwenye 2.4 zao, kila mmoja kwa sindano yake. Ukisema “natumia 2.4” ilibidi uulizwe ya nani. Tawi rasmi lilikuwa tulivu, na lililokuwa kwenye seva za watu halikuwa tulivu wala la maendeleo, bali mchanganyiko ambao mshonaji wake tu ndiye aliyejua umeshikiliwa na nini.

FreeBSD walipita njia inayofanana. Toleo la 4.0 lilitoka Machi 2000. Tawi la 5 likabebeshwa mzigo mkubwa wa kukifanya kiini kitumie vizuri prosesa nyingi kwa pamoja. 5.0 ilitoka Januari 2003, lakini waliotaka usalama wa kazi zao walishauriwa wabaki na 4, na tawi la 5 halikuhesabiwa kuwa tulivu mpaka 5.3 ya Novemba 2004. Katikati ya mvutano huo, mwaka 2003, Matthew Dillon aliondoka na msimbo wa tawi la 4 akaanzisha mfumo wake, DragonFly BSD.

Kilichowaumiza wote ni umbali. Siku ya kwanza matawi yakiwa yameachana kidogo, kiraka cha upande huu kinaingia upande ule bila kubadilishwa herufi. Baada ya miezi sita kinahitaji kukunjwa hapa na pale. Baada ya miaka mitatu ni kazi ya kuandika upya, na anayeiandika anaweza kuleta kasoro yake mwenyewe.

Watengenezaji wa kiini cha Linux waliamua mwaka 2004 kutofungua 2.7. Siku hizi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hupokea mambo mapya kwa wiki mbili, hufunga mlango, na wiki kama saba zinazofuata ni za kusahihisha tu. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Kutoka kila toleo huchipua tawi tulivu dogo, utaratibu ulioanza Machi 2005, na machache kati yake huteuliwa kuhudumiwa kwa miaka. Matawi hayo yana kanuni mbili ninazozipenda. Kiraka kisizidi mistari 100. Na kiwe kimekwisha kuingia kwenye shina la Torvalds kwanza.

Kanuni ya pili huwaudhi wageni: mimi nina seva inayovuja leo, kwa nini sahihisho lianzie kwa watu wa maendeleo? Rudi kwenye kitabu. Ukibandika kijikaratasi kwenye vitabu vya madarasani na kuusahau mswada, toleo la tatu litachapishwa na kosa lilelile, na mtumiaji aliyejisumbua kuhamia toleo jipya atalikuta likimsubiri.

Kuganda nako kuna gharama zake. Ukigandisha mapema, unawazuia watu kazi na mambo mapya yanarundikana nje ya mlango. Ukichelewa, unatoa toleo bichi. Debian walisubiri karibu miaka mitatu kutoka 3.0 ya Julai 2002 hadi 3.1 ya Juni 2005. OpenBSD, mfumo mwingine huria, wao wameshikilia kalenda, toleo kila miezi sita au karibu na hapo, na kisichokuwa tayari kinangoja zamu ijayo. Naona hili ni jibu la kiungwana kuliko yote, maana likikukosa leo si msiba.

Ile STABLE ya FreeBSD sasa inaeleweka. Mabadiliko huanzia CURRENT, ambalo ndilo tawi la maendeleo, yakishajaribiwa hurudishwa STABLE, na kutoka humo hukatwa RELEASE. STABLE inaahidi kwamba programu zilizotengenezwa kwa ajili ya tawi hilo hazitavunjika, lakini bado ni tawi linaloendelea kuandikwa. Ya kuweka kwenye seva ni RELEASE.

Na kwa kuwa utulivu ni ahadi, kuivunja kunauma kuliko kasoro. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, ambayo watumiaji walitarajia ihudumiwe hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021, na nafasi yake ishikwe na CentOS Stream. CentOS ya awali, iliyokuwa ya bure, ilifuata nyuma ya Red Hat Enterprise Linux, mfumo wa kibiashara ambao ilijengwa kwa msimbo wake. Stream inatangulia mbele yake. Msimbo haukuwa mbaya. Watu walikuwa wamepanga miaka tisa, wakapewa mmoja, na haukupita muda AlmaLinux na Rocky Linux zikazaliwa kuziba pengo hilo.

Basi ukiulizwa “nipakue ipi”, anza kwa kuuliza ni nani atakayeamka mambo yakiharibika. Seva inayohudumia wengine, au kompyuta ya mtu asiyetaka kujua kilichomo ndani: tawi tulivu, na uangalie tarehe ya mwisho wa huduma kabla ya kitu kingine. Kompyuta mpya kabisa ambayo kadi yake ya picha haitambuliwi na toleo la mwaka juzi: hapo unahitaji kitu cha karibu zaidi. Ukitaka kuchangia, kuripoti kasoro, kuona mambo yakipikwa, karibu sid, ila nakala za data zako ziwe mahali pengine.

Tarehe 9 Agosti 2025 Debian 13, iliyopewa jina trixie, ilitawazwa kuwa stable. Papo hapo testing ikapewa jina jipya, forky, mlango ukafunguliwa, na vifurushi vilivyokuwa vimezuiwa nje kwa miezi vikaanza kuingia kwa foleni. Sid ikabaki kuitwa sid.